Aliyebaki Nje ya Geti



Ukifika leo kwenye duka kubwa lolote la Nairobi, unasimamishwa kabla hujaegesha gari. Mlinzi mmoja anapitisha kioo chenye mpini mrefu chini ya gari, mwenzake anakuomba ufungue buti. Ukishuka unapita kwenye mlango wa mashine, funguo na simu unaziweka pembeni, na mkoba unapekuliwa. Dar es Salaam, Kampala na Mombasa mambo ni hayo hayo, hotelini na benki, na siku hizi hata kwenye baadhi ya nyumba za ibada. Kuna watoto wanaoingia sekondari sasa ambao hawajaona hali nyingine. Kwao kupekuliwa ni sehemu ya kwenda kununua mkate.

Hali hii ilizidi baada ya Septemba 2013. Jumamosi, tarehe 21 ya mwezi huo, watu wanne wenye bunduki waliingia duka kubwa la Westgate, pale Westlands, Nairobi, wakaua watu 67. Juu kwenye maegesho kulikuwa na watoto waliokuja kwenye mashindano ya kupika. Jengo lile lilikuwa na walinzi. Lakini mlinzi wa kampuni binafsi nchini Kenya hakupewa bunduki. Alikuwa na rungu, sare, na macho yake.

Nataka leo tulitazame jambo moja. Tunapojenga ukuta, hatari haifi, inahama. Inamwendea mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hakuulizwa kama yuko tayari kuibeba. Kwa hiyo anayetaka kujua kama ukuta umefanya kazi haimtoshi kuhesabu waliosalimika ndani. Azunguke upande wa pili amwone aliyebaki huko.

Tuanze na siku ambayo wengi wetu wenye umri tunaikumbuka. Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, lori lenye mabomu liliingia upande wa nyuma wa ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Kwenye kizuizi cha maegesho alisimama mlinzi Mkenya. Akaamriwa afungue. Akakataa. Hakuwa na silaha yoyote, na waliokuwa mbele yake walikuwa nazo. Wakarusha guruneti, naye akakimbia kuomba msaada. Watu waliokuwa ofisini katika majengo ya jirani wakasikia kishindo kile cha kwanza, wakaenda madirishani kuchungulia. Ndipo lori likalipuka. Vioo viliwapiga usoni, na wako hadi leo watu wazima wa Nairobi waliopoteza macho kwa sababu tu waliinuka kwenye kiti kutazama nje.

Waliokufa Nairobi walikuwa 213. Kati yao Wamarekani ni 12. Jengo la ubalozi lilisimama, kwa kuwa lilijengwa imara. Lililoporomoka lote ni la jirani, la Ufundi, ambamo mlikuwa na ofisi za watu wa kawaida na chuo cha uhazili. Wasichana waliokuwa wanajifunza kupiga chapa walifukiwa na kifusi cha vita ambavyo hawakuwa na sehemu yoyote ndani yake. Nje barabarani kulikuwa na abiria ndani ya mabasi. Na asubuhi hiyo hiyo Dar es Salaam, kwenye ubalozi wa Laibon Road, Oysterbay, watu 11 walikufa, na walinzi wa getini walikuwa miongoni mwao.

Hatari yenyewe haikuwa siri. Mwaka 1985, baada ya mashambulizi ya mabomu dhidi ya Wamarekani mjini Beirut, tume iliyoongozwa na Admirali Bobby Inman ilipendekeza majengo ya ubalozi wa Marekani yakae angalau futi 100 kutoka barabarani, yaani mita 30 hivi. Ubalozi wa Nairobi haukuwa na nafasi hiyo. Balozi Prudence Bushnell alikuwa amekwisha kuiomba serikali yake iuhamishe, na haikuuhamisha. Baada ya maafa, ndipo ukajengwa ule wa Gigiri, na ule wa Dar ukapelekwa Barabara ya Old Bagamoyo, kwenye kiwanja ambacho wazee wa mji wanakikumbuka kwa sinema ya Drive-in.

Siwalaumu kwa kuhama. Mwenye watu wake ana haki ya kuwalinda, na kusema kweli kutoka katikati ya mji kuliwapunguzia hatari hata majirani. Hicho ni kipimo kizuri cha ulinzi: unapomkinga wa ndani, na wa nje apate nafuu. Ila nafuu hiyo ilikuja wakati 213 wameshazikwa, na waathirika Wakenya wamepiga milango ya fidia kwa zaidi ya miaka 20. Pale ulipokuwa ubalozi sasa pana bustani ya kumbukumbu, na majina ya marehemu yameandikwa ukutani. Msikilizaji ukiwa Nairobi, nenda ukayasome. Soma polepole. Ni majina ya majirani zetu.

Turudi kwa mlinzi, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu unapouma.

Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, chuo kikuu, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wametoka usingizini. Wauaji walianzia getini, na walinzi ndio waliopigwa risasi mwanzo. Nairobi, tarehe 15 Januari 2019, hoteli ya DusitD2, barabara ya Riverside, watu 21. Huko pia mashambulizi yalianzia nje, getini na kwenye maegesho. Sisi tunasema ukuta unatulinda. Ukuta wowote una tundu moja la kuingilia, na katika tundu hilo tumemsimamisha binadamu. Yeye ndiye anayekutana na hatari wakati sisi bado hatujaisikia.

Sasa tuulize tumemwekaje huyo binadamu. Zamu yake ni saa 12. Kibanda chake ni cha mabati, mchana tanuri, usiku barafu. Nyumba nyingi anazozilinda hazikumwekea choo, na akibanwa na haja inabidi aombe radhi au atafute kichaka. Sare anakatwa kwenye mshahara. Anatoka kazini alfajiri, anatembea kwa miguu kwenda kwenye chumba kisicho na ukuta wala mlinzi, katika mtaa ambao hakuna anayempekulia wageni. Kenya ina walinzi binafsi wengi kuliko polisi. Ilipatikana sheria ya kuisimamia sekta hii mwaka 2016, na Januari 2024 mamlaka inayowasimamia ikaagiza mlinzi wa Nairobi alipwe angalau shilingi 30,000 kwa mwezi. Kampuni zikapinga, na shauri likafika mahakamani. Nami nawaambia wenye nyumba na wenye maduka wanaonisikiliza: bei ya waya wa umeme hamkuibishia. Mlitoa. Mshahara wa mtu atakayekufa kabla yenu ndio mnaoupunguza.

Tuingie mitaani sasa. Wenye umri wangu tunakumbuka ua wa michongoma, au wa minyaa, au wa makuti kwa watu wa pwani. Ulizuia mbuzi na ulimwambia mpita njia hapa pana wenyewe, lakini mama alisalimiana na jirani juu yake na chumvi ilipitia hapo hapo. Kisha ukaja ukuta wa matofali, kimo cha kifua. Ukaongezwa ukawa kimo cha mtu. Zikapandwa juu yake chupa zilizovunjwa, ikaja seng'enge, kisha ile ya miviringo yenye makali, na sasa nyaya za umeme na kamera. Geti lililokuwa la vyuma vinavyoonyesha ndani likawa la bati zima. Yote hayo hayakuletwa na ujinga. Watu waliibiwa kweli. Wapo waliovamiwa usiku wakafungwa kamba mbele ya watoto wao, na aliyepitia hayo simwambii abomoe ukuta wake.

Lakini tazama barabara iliyopita kati ya kuta mbili za namna hiyo. Anayetembea hana wa kumwona. Mwanafunzi anayerudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, mama anayetoka kazi za ndani, wote wanapita kwenye mfereji mrefu usio na dirisha hata moja, na anayekabwa hapo anapiga kelele kwa matofali. Mwenye nyumba naye, siku mwizi akishaingia, ukuta unamficha mwizi. Jirani haoni kitu. Akisikia yowe hajui latoka nyumba ipi, na hata akijua, geti limefungwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sisi wenyewe ndio tuliozisogeza mbali fimbo zilizokuwa karibu.

Kuna mitaa ya Nairobi ambayo haikutosheka na kuta za nyumba, ikaweka kizuizi na kibanda kwenye barabara ya umma. Asiye mkazi aeleze anakwenda kwa nani. Anayesimamishwa kwa muda mrefu zaidi ni yule anayekuja kwa miguu, na hili sikulisoma popote, ni la kutazamwa kwa macho. Gari jipya lapigiwa saluti. Fundi bomba aliyeitwa na mwenyeji anaacha kitambulisho chake, anaandika jina na namba ya simu kwenye daftari lililolegea kurasa, na hajui nani atalisoma daftari hilo kesho.

Kutenganisha watu kwa namna hii kuna mizizi mirefu kuliko saruji. Viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ambapo leo tunafanyia sherehe, watawala wa kikoloni waliviacha wazi ili viwe mpaka kati ya katikati ya mji na Kariakoo waliyowatengea Waafrika. Havikuwa na tofali hata moja, na kila mtu alijua upande wake. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yangali midomoni mwetu. Wala pwani yetu tusiisifu kupita kiasi. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilikuwa za wenye mali, na kuta zake nene za matumbawe zilihifadhi siri za mwungwana wakati aliyemchimbia matumbawe hayo alilala kwenye udongo na makuti.

Pamoja na hayo, wajenzi wale walijua kitu ambacho wachoraji wa nyumba wa leo wamekisahau. Ukuta wa nje waliutia baraza. Kiti cha jiwe, kimejengwa pamoja na nyumba, kinatazama njia. Mlango ni mzito, wa mbao iliyochongwa, na faragha ya ndani imelindwa vizuri kabisa, mgeni haoni kitanda wala jiko. Ila jioni mwenye nyumba anakaa nje, na wapita njia wanakaa naye. Anajua nani kapita na nani hakupita leo. Mgeni anasalimiwa, na katika salamu ile anaulizwa atokako na aendako, kwa heshima, bila daftari. Mwizi anachukia baraza kuliko chupa zilizovunjwa.

Tanzania ilijaribu kuufanya ujuano huo kuwa mpango, kwa mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960. Miaka ya mwanzo ya 1980 wakulima na wafugaji wa Usukumani na Unyamwezini wakaanzisha sungusungu, ng'ombe wakiibwa inapigwa mbiu na kijiji kizima kinatoka. Kenya ikaazima wazo la Nyumba Kumi mwishoni mwa 2013, baada ya Westgate. Nasema bila kuficha kwamba njia hii nayo ina damu. Sungusungu walipiga watu hadi kuwaua. Na neno mwizi, likitamkwa kwa sauti sokoni, limechoma vijana wetu wengi kwa tairi, wengine kwa simu ambayo hawakuiiba. Macho ya jirani yanahitaji sheria juu yake kama bunduki inavyohitaji. Hata hivyo, jirani mkali unaweza kukaa naye kikao ukamrekebisha. Ukuta hauna kikao.

Serikali nazo zimejaribu ukuta. Mwaka huo huo wa Garissa, 2015, Kenya ilitangaza kujenga kizuizi kwenye mpaka wake na Somalia. Mpaka huo una urefu wa karibu kilomita 700. Kilichojengwa ni kilomita chache upande wa Mandera, uzio wa seng'enge na handaki, kisha kazi ikakwama bungeni kwa maswali ya fedha. Mandera na Bula Hawa, ulio upande wa Somalia, ni miji iliyogusana. Mtu ana shangazi upande ule na kisima upande huu. Na jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba mmoja wa waliowaua wanafunzi wa Garissa alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Baba yake alikuwa amekwisha kuripoti kwamba kijana ametoweka. Ukuta wa Mandera ungekuwa na kimo gani cha kumzuia kijana aliyesomea katikati ya Nairobi? Habari zake alikuwa nazo baba. Zilipofika kwa wakubwa hazikumwokoa mwanafunzi hata mmoja.

Hapo tumefika kwenye upande wa pili wa jambo, yaani hatari inayohamia ndani.

Mombasa tunayo Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukisimama chini ya kuta zake hata leo unaelewa kwa nini waliiamini. Mwezi Machi 1696 Waomani wakaizingira. Hawakuivunja. Walikaa nje, miezi 33, na waliokuwa ndani, Wareno pamoja na Waswahili waliowaunga mkono, wakaanza kufa. Maradhi na njaa viliua wengi kuliko mizinga. Desemba 1698 Waomani walipoingia walikuta waliobaki ni wa kuhesabika kwa vidole. Ukuta haukuwa na ufa. Baadaye, tangu 1895 hadi 1958, Waingereza waliitumia ngome hiyo hiyo kama gereza, na hawakuhitaji kuongeza mengi.

Sasa fikiria dirisha lenye nondo. Tunaliweka ili mwizi asiingie, na ni kweli haingii. Usiku moto ukitokea, aliye ndani hatoki. Mwezi Juni 1994 huko Shauritanga, Rombo, mkoani Kilimanjaro, wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto bwenini. Mwezi Machi 2001 huko Kyanguli, Machakos, bweni lilichomwa usiku na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Hiyo ni idadi ile ile ya waliouawa Westgate. Westgate ilitubadilishia milango ya maduka nchi nzima kwa muda mfupi. Kyanguli haikutubadilisha kwa kasi hiyo. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya, uliotolewa mwaka 2008, miaka saba baadaye, unakataza vyuma kwenye madirisha ya mabweni na unataka milango ifunguke kuelekea nje. Na bado nondo zipo. Ukiuliza, utaambiwa ni kwa ajili ya wezi, na pia vijana wasitoroke usiku kwenda disko. Yaani kati ya godoro kuibiwa, mvulana kutoroka, na watoto 67 kuungua, mtu mzima alikaa mezani akapima, akachagua kuzuia mambo mawili ya kwanza.

Kwa hiyo mzazi, mwezi wa kwanza ukimpeleka mwanao shule ya bweni, usiishie ofisini kulipa karo na kukabidhi sanduku. Omba uingie bwenini. Shika dirisha uone kama lafunguka. Hesabu milango, sukuma kila mmoja, uone unafungukia wapi. Kisha uliza ufunguo wa usiku uko kwa nani na anayeushika analala wapi. Ukiambiwa analala nyumba nyingine ng'ambo ya uwanja, mchukue mwanao mrudi pamoja nyumbani, na kesho yake uende ofisi ya elimu ya wilaya ukiwa na wazazi wenzako.